Rifarensi ya volti inacheza mchana: ni kelele, au saketi haijatulia?

FundiDunga (Kisumu) · #1

Salamu wadau.

Nimeunda kifaa cha kupima pH ya maji kwenye vizimba vya samaki hapa ziwani. Probu inaingia kwenye amplifaya, amplifaya inaingia MCP3208 (ADC ya biti 12, chipu inayogeuza volti kuwa namba), na rifarensi, yaani volti thabiti ambayo ADC inalinganisha nayo, ni chipu ya TL431 ya 2.5 V inayolishwa kutoka 3.3 V kupitia rezista ya kilo-omu 1. Juu yake kuna kapasita ya seramiki ya 1 µF.

Asubuhi namba zimetulia tuli. Kuanzia saa tano hadi saa tisa mchana zinacheza, hatua tano juu, tano chini. Hatua moja ni 0.61 mV, kwa hiyo tunazungumzia 3 mV hivi. Probu ya pH hutoa takriban 59 mV kwa kila pH moja, basi hapo ni 0.05 inayopanda na kushuka bila sababu. Mwenye vizimba anauliza kama maji ndiyo yamebadilika.

Multimita kwenye rifarensi inasoma 2.49 bila kutikisika. Rafiki yangu anasema ni kelele za kawaida za TL431, niongeze kapasita. Mimi nasema kelele za kawaida hazingojei saa tano. Je, nyinyi mnapimaje mkajua hii ni kelele na ile ni saketi isiyotulia?

Kondele_Stima · #2

Piga 100 µF hapo uendelee na kazi. Nimefanya hivyo kwenye chaja nyingi na hakuna iliyorudi.

MamaSaketi (Nakuru) · #3

Kondele, 100 µF inaweza kumsaidia, lakini si kwa sababu unayofikiria. TL431 ndani yake ina amplifaya yenye mrejesho (tokeo lake linarudi kwenye ingizo ili ijisahihishe). Ukiipa kapasita ndogo sana inatulia, ukiipa kubwa vya kutosha inatulia, na katikati kuna eneo ambamo inaweza kuanza kujitikisa yenyewe. Datashiti (karatasi ya maelezo ya mtengenezaji) ina mchoro wa mpaka wa eneo hilo: mkondo upande mmoja, kapasita upande mwingine, na mistari tofauti kwa volti tofauti. Seramiki ya 1 µF ndiyo kapasita watu huiweka kwa mazoea, na ndiyo hasa ya kuangaliwa kwenye mchoro huo kabla ya kuiamini.

Fundi, multimita yako haikwambii chochote hapa. Mita za kawaida hukuonyesha wastani. Rifarensi inaweza kuwa inapiga mawimbi ya makumi ya kilohezi, mita ikasema 2.49 kwa utulivu kabisa. ADC lakini inachukua sampuli kwa nukta moja ya wakati, mara juu ya wimbi, mara chini. Namba zinazotoka zinafanana na kelele, kumbe ni wimbi safi lililokatwa vipande.

Kwa hiyo kwanza thibitisha haijitikisi. Kelele tuzungumze baadaye.

Njoro_Sola · #4

Saa tano hadi saa tisa? Hapo mimi siendi mbali. Una sola?

Kakamega_Lab · #5

Kabla ya sola, tuhesabu. 3.3 toa 2.5 unabaki na 0.8 V. Gawa kwa kilo-omu 1, ni 0.8 mA. Datashiti ya TL431 inataka hadi 1 mA kwenye kathodi (pini inayotoa ile 2.5 V) ndiyo ikuhakikishie kwamba inadhibiti. Na MCP3208 nayo inakunywa mkondo wake kwenye pini ya rifarensi, kwa mikupuo, kila inapobadilisha sampuli. TL431 yako inabaki na kidogo kuliko hiyo 0.8. Ipo ukingoni, na joto la mchana linaweza kuisukuma upande usiofaa. Weka 470 omu, utapata 1.7 mA.

Kondele_Stima · #6

@Kakamega_Lab hiyo 1 mA ni ya juu kabisa. Ya kawaida kwenye datashiti hiyo hiyo ni 0.4 mA. Chipu nyingi zinafanya kazi vizuri kwa 0.8.

Kakamega_Lab · #7

Nyingi, ndiyo. Ile iliyo ndani ya kifaa chake ndiyo sijui.

UsengeBoy · #8

Nyote mnaitazama rifarensi na hakuna aliyeuliza kuhusu probu. Probu ya kioo ina ukinzani wa mamia ya megaomu. Unyevu kidogo tu kwenye kiunganishi cha BNC na mkondo unavuja. Huku kwetu mawimbi yanarusha maji juu ya maboya mchana upepo ukianza. Nimeona pH ikicheza hivyo hivyo kwenye vizimba, tukaosha kiunganishi kwa spiriti, tukakausha, tukafunga kwa mpira wa kuziba maji, ikatulia. Hakuna rifarensi iliyoguswa.

FundiDunga · #9

Asanteni. Majibu kwa haraka:

Njoro_Sola, ndiyo, paneli, chaja ya sola ya aina ya PWM na betri ya 12 V, kisha rigyuleta ya kushusha hadi 3.3.

UsengeBoy, kiunganishi kiko ndani ya boksi lililofungwa, lakini nitakiosha.

Kakamega_Lab, 470 nimeweka leo. Kuhusu amplifaya: ishara yake inapanda na kushuka kutoka 1.25 V inayotoka kwenye rifarensi hiyo hiyo kupitia rezista mbili sawa na kapasita ya 10 µF.

Njoro_Sola · #10

Basi nimemaliza. Betri inajaa kuanzia saa tano, chaja inaacha kulisha moja kwa moja na kuanza kukatakata. Asubuhi betri ina njaa, chaja haikati. Mchana kila mkato unapita kwenye graundi yako. Funika paneli kwa gunia saa saba uone.

Kakamega_Lab · #11

Ngoja, hiyo 1.25 kutoka kwenye rifarensi ile ile inabadilisha hesabu yote, na sioni mtu akiigusa.

ADC haipimi volti, inapima uwiano wa ishara kwa rifarensi. Rifarensi ikipanda polepole kwa asilimia moja, 1.25 nayo inapanda kwa asilimia moja, uwiano unabaki pale pale. Kinachokosewa ni sehemu ya probu peke yake. Maji yakiwa na pH 8.5, probu inatoa kama 89 mV kutoka kati. Ili kosa lifike 3 mV, rifarensi ingepaswa kuyumba kwa asilimia 3.4, yaani 84 mV. Multimita ingeona hiyo hata kwa macho ya usingizi.

Kwa hiyo mchezo wa polepole wa rifarensi hauwezi kuwa ndio. Iwe ni joto, iwe ni mkondo mdogo niliousema mimi juu, iwe ni kelele za chini za TL431.

MamaSaketi · #12

Hesabu nzuri, ila ongeza neno moja: polepole. Ile 1.25 ina 10 µF, kwa hiyo haifuati mabadiliko ya kasi. Rifarensi ikijitikisa kwa kilohezi kadhaa, 1.25 inakaa kimya na uwiano unavunjika. Hapo ishara nzima ya 1.16 V inabeba kosa. 3 mV juu ya 1.16 V ni asilimia 0.26, na rifarensi inahitaji kuyumba 6.5 mV tu. Hiyo multimita haitaiona kamwe.

Ndiyo maana nasema tukio la polepole na tukio la kasi yatenganishwe kwanza. Fundi, una majaribio matatu yasiyohitaji oskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya volti).

Moja, ondoa amplifaya, unganisha ingizo la ADC na graundi. Ishara ikiwa sifuri, kosa la rifarensi nalo ni sifuri, maana sifuri kugawanywa kwa chochote ni sifuri. Kitakachocheza hapo hakitoki kwenye rifarensi. Kinatoka kwenye graundi au ADC yenyewe.

Pili, weka betri kavu mpya ya 1.5 V. Betri kavu imetulia kuliko karibu kila kitu kwenye benchi lako. Ikicheza hapo na haikucheza kwenye sifuri, sasa unaishuku rifarensi kwa haki.

Tatu, weka rezista mbili kutoka kwenye rifarensi hadi graundi, bila kapasita, upime katikati. Rifarensi ikiyumba polepole, namba zitakaa kimya. Hapa fanya ukijua ADC hushika ishara kidogo kabla ya kuipima, kwa hiyo mtikisiko wa kasi unaweza bado kuonekana.

Zote zifanye saa saba mchana, si asubuhi.

MzeeKibuye · #13

Vijana salamu. Kwa asiye na oskopu kuna redio ya AM. Isogeze hadi karibu na bodi, zungusha mshale polepole kwenye bendi nzima. Saketi inayojitikisa kwa makumi au mamia ya kilohezi ina vizidishi vyake vinavyofika huko, na utasikia mluzi au ukimya wa ghafla mahali ambapo hapafai kuwa kimya. Zima saketi, mluzi uondoke. Washa, urudi. Ila rigyuleta yako ya kushusha nayo inapiga mluzi, kwa hiyo lisha bodi kwa betri peke yake, bila rigyuleta, wakati wa jaribio hili.

Jambo la pili. Chukua penseli, upande wa raba, ugonge ile seramiki ya 1 µF taratibu huku unasoma namba. Seramiki za X7R na X5R zina tabia ya piezo: ukizigonga zinatoa volti. Nimeona kwenye oskopu, kila ukigonga mara moja mstari unaruka kama mwiba na kushuka kwa mkia. Kifaa kilicho juu ya boya linalogongwa na mawimbi mchana kutwa kinagongwa hivyo hivyo. Upepo wa ziwa unaanza saa ngapi?

UsengeBoy · #14

Saa tano saa sita hivi, Mzee. Sasa tuna sola, upepo, joto na unyevu, vyote kwa wakati mmoja.

MwanaBungoma · #15

Naomba niingilie na swali la shule. Mradi wangu ni bandigepu (rifarensi ya volti inayojengwa kwa transista) ndani ya chipu, kwenye simulesheni. Msimamizi anataka nionyeshe uthabiti na kelele. Nimeendesha uchambuzi wa AC, ukingo wa fezi (kipimo cha umbali wa saketi kutoka kujitikisa) ni digrii 62, nikaandika imetulia. Amerudisha na alama ya kuuliza.

MamaSaketi · #16

Umekata kitanzi (njia ya mrejesho) wapi? Bandigepu ina vitanzi viwili, mmoja wa mrejesho hasi na mwingine wa mrejesho chanya, kutoka kwenye amplifaya hiyo hiyo. Lazima ule hasi uushinde ule chanya kwenye masafa yote. Ukikata upande mmoja tu unaona nusu ya habari. Kata mahali ambapo vyote viwili vinapita, kwenye geti la transista zinazogawa mkondo.

Tena ukingo wa fezi ni wa hali moja. Rudia kwa joto la chini na la juu, kwa pembe zote za utengenezaji (tofauti za chipu moja na nyingine), kwa mzigo wa kapasita kuanzia sifuri hadi ule mkubwa utakaoruhusu. Kisha fanya la wakati: vuta mkondo ghafla kwenye tokeo, tazama linavyorudi. Gari likipita tuta, likiruka mara moja na kutulia shoki ni nzima, likiendelea kunesanesa hadi tuta linalofuata shoki zimekwisha. Kitanzi nacho ni hivyo hivyo.

Na usisahau kuwasha. Bandigepu ina hali mbili inazoweza kukaa: ile unayoitaka na ile ya mkondo sifuri. Simulesheni inayoanzia kwenye jibu la DC haikuonyeshi hali ya pili. Pandisha volti ya usambazaji kutoka sifuri, kwa kasi na polepole, ukiwa na joto la chini kabisa.

Kakamega_Lab · #17

Kwa upande wa kelele, mwanafunzi, anza na namba hii. Transista zako ni 1 kwa 8 kwa ukubwa? Tofauti ya VBE (volti kati ya besi na emita) kwenye 27 °C ni 25.85 mV mara logi asilia ya 8, yaani kama 54 mV. VBE inashuka karibu 2 mV kwa kila digrii, na hiyo tofauti inapanda 0.18 mV tu kwa digrii, kwa hiyo unaikuza karibu mara 11 ndipo zifutane na upate ile 1.2 V inayojulikana. Sasa kelele na kosa la DC la amplifaya yako vinakaa pale pale penye zile 54 mV. Navyo vinakuzwa mara 11. Kama amplifaya ni ya MOS yenye transista ndogo za ingizo, kelele za 1/f (zinazoongezeka masafa yakishuka) ndizo zitakazotawala. Panua eneo la transista hizo kabla ya kugusa kitu kingine.

Ndiyo kazi ambayo mhandisi Widlar aliiingiza kwenye chipu, na mwenzake Brokaw mwaka 1974 akaipanga kwa namna ambayo bado tunaifundisha.

MwanaBungoma · #18

Asante sana wakuu. Ni 1 kwa 8 kweli. Narudi kwenye simulesheni.

Kondele_Stima · #19

Simulesheni, simulesheni. TL431 ya Fundi ukiiweka kwenye LTspice (programu ya simulesheni) itatulia kama maji ya mtungi, na kwenye bodi inapiga kelele.

MamaSaketi · #20

Hapa nakubaliana na Kondele, tuandike tarehe. Modeli nyingi za TL431 zinazozunguka mtandaoni zinaiga volti na mkondo tu. Mpaka wa uthabiti hazina. Kwa chipu ya kununua, amini mchoro wa datashiti na jaribio la benchi.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Toa mraba wa 1 kHz kutoka kwenye pini ya maikrokontrola ya 3.3 V, upitishe rezista ya kilo-omu 10 hadi kwenye rifarensi. Mkondo unabadilika kwa 0.33 mA kila ukingo. Tazama rifarensi kwa oskopu, AC, probu ya oskopu ya ×10, na graundi fupi ya springi badala ya ule waya mrefu wenye klipu ya mamba. Hesabu inanesanesa mara ngapi. Badilisha kapasita: toa kabisa, 100 nF, 1 µF, 10 µF. Pasha chipu kwa kikausha nywele, rudia.

Bondeni_RF (Nakuru) · #21

Nimesoma uzi wote, hakuna aliyeuliza data inatumwaje. Kama ni modemu ya 2G, inatuma kwa mikupuo ya karibu nusu milisekunde, mara 217 kwa sekunde, na kila mkupuo unaweza kuvuta hadi 2 A. Transista yoyote ndani ya amplifaya au TL431 inaweza kuigeuza redio hiyo kuwa volti ya DC. Antena iko sentimita ngapi kutoka kwa ADC?

FundiDunga · #22

Bondeni, modemu ni ya 2G, iko boksi moja na ADC. Inatuma kila nusu saa.

Matokeo ya jana na leo mchana, rezista tayari ni 470:

Ingizo kwenye graundi: hatua moja, mara chache mbili. Karibu kimya.
Betri kavu: hatua tatu hadi nne juu na chini. Ilicheza hata ndani ya nyumba, mbali na maji.
Gunia juu ya paneli: jana ilipungua hadi hatua mbili. Leo gunia halikubadilisha kitu.
Kugonga seramiki kwa raba: inaruka waziwazi, kila mara.
Redio: kuna mluzi karibu na 600 kHz. Nikilisha kwa betri peke yake mluzi unabaki ila hafifu.

Kiunganishi cha BNC nimekiosha pia.

MamaSaketi · #23

Kimya kwenye sifuri na kucheza kwenye betri kavu, ndani ya nyumba! Basi si BNC, na graundi siiweki mbele tena. Rifarensi inajitikisa. Mluzi uliobaki ukiwa kwenye betri peke yake unasema hivyo hivyo.

Njoro_Sola · #24

Dada, jana gunia lilipunguza nusu. Mtikisiko wa TL431 ungejuaje kuna gunia?

MamaSaketi · #25

Joto. Boksi liko chini ya paneli au pembeni? Volti ya 3.3 ilikuwa ngapi wakati huo? Mkondo ukibadilika kidogo unahama kwenye ule mchoro wa mpaka, unaingia au unatoka.

UsengeBoy · #26

Ndani ya nyumba alipima betri kavu, sawa. Lakini pH ya kwenye kizimba haijapimwa na probu nyingine wakati ule ule. Mchana mwani unatumia kaboni dioksidi na pH ya maji inapanda kweli. Sehemu ya mchezo inaweza kuwa ziwa lenyewe.

Kakamega_Lab · #27

Inapanda kwa saa nzima, UsengeBoy, haichezi hatua tano kwa sekunde. Ila hoja ya kupima na probu ya pili naiunga mkono.

Kondele_Stima · #28

Na ile 100 µF yangu imejaribiwa na nani?

MzeeKibuye · #29

Ijaribu, Fundi, lakini iwe ya elektroliti au tantalamu, si seramiki. Kwanza haigongeki. Pili ina ukinzani wake wa ndani, na ukinzani huo mara nyingi ndio unaotuliza kitanzi. REF5025, chipu nyingine ya rifarensi, kwa mfano inataka kapasita ya 1 hadi 50 µF yenye ukinzani usiozidi 1.5 omu, na kwa kelele ndogo zaidi wanapendekeza uwe kati ya 1 na 1.5. Seramiki iko chini sana ya hapo, wengi huiongezea rezista ndogo mfululizo.

Kakamega_Lab · #30

Na ukiwa na REF5025 mkononi, kelele zake kati ya 0.1 na 10 Hz ni 3 µV kwa kila volti, yaani 7.5 µV kwa 2.5 V. Hatua moja ya ADC yako ni mara 80 ya hiyo. Tazama volti ya kuilisha, 3.3 inatosha. Ikikaa kimya mchana, lawama inabaki kwa TL431 na kapasita yake. Ikicheza, mimi narudi kwa Bondeni na modemu.

Bondeni_RF · #31

Modemu haitumi ila kila nusu saa, najua mtasema hivyo. Lakini inazungumza na mnara hata bila kutuma data. Izime kabisa mchana mmoja, toa waya wake wa betri, andika namba.

FundiDunga · #32

Sawa. Kesho modemu inatoka, 100 µF ya elektroliti inaingia mahali pa seramiki, kimoja baada ya kingine si vyote pamoja. REF5025 nimeagiza kutoka Nairobi. Boksi liko chini ya paneli, MamaSaketi, na 3.3 V sijaipima mchana. Nitaipima saa sita na saa tisa.

Njoro_Sola · #33

Pima na ripo (mawimbi madogo ya volti) ya betri pia, kwa AC, gunia likiwa juu na likiwa chini. Mimi bado niko kwenye chaja.